Shasha Iliyoshibishwa Maji

Maiti hasemwi vibaya, na mimi sikumsema. Siku zote za azaa, matanga ya huku, nilikaa katika ukumbi wa wanawake kule Sib, mgongo ukutani, baridi ya kiyoyozi inanipiga magotini, nikasikiliza Khalfan anavyosifiwa. Alikuwa mkarimu. Alikuwa hatupi jamaa. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mabinti zake walipita na kahawa na halua, wajukuu wakapita na maboksi ya karatasi za kufutia machozi, na kila alipoingia mgeni mpya, shemeji wa marehemu aliyekaa ubavuni kwangu alimshika mkono akaanza upya: "Huyu ndiye aliyemtoa Suud baharini, nusu maiti, kwa mikono yake mwenyewe. Muulize Bi Zuwena huyu hapa, dada yake." Wote hunigeukia. Suud ni kaka yangu, na kweli alitolewa baharini, na kweli aliyemtoa ni Khalfan. Nikajibu "Mungu amrehemu," huku mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Kiswahili kina neno lake, nalo ni kinyaa. Hasira ningeshaisahau, maana hasira hupoa. Kinyaa nilichokipata kwa mtu yule mwaka wa kwanza tuliofika Oman, sitini na nne kuingia sitini na tano, nimeishi nacho mpaka nimekuwa bibi wa watu, na pale msibani nilikikuta kiko vilevile.

Namna tulivyotoka Unguja sitaieleza, wameshaieleza wengi wenye machozi kuliko yangu. Itoshe kuwa tulishuka watatu, mama, Kaka Suud na mimi niliyekuwa kigoli, na mtu pekee tuliyekuwa na jina lake ni huyo Khalfan, binamu wa mbali wa baba. Tukamwita Ami, kama adabu inavyotaka. Sib ya leo ina maduka na taa na nyumba za serikali, na wajukuu zangu wananiona mwongo ninapowaambia kuwa tulipewa chumba kimoja cha makuti ya mtende ukingoni mwa pwani, mbali kidogo na wengine, nyuma ya ua wa miiba. Upepo ulipita ukutani, mchanga ukapita, na maneno pia yalipita, kwa sababu upande wa pili wa ukuta huohuo alikaa Ami Khalfan na mkewe, Bi Ghaniya. Mbele ya mlango wetu walianikwa dagaa. Sisemi dagaa wa kununua fungu sokoni. Nasema pwani nzima imefunikwa dagaa, wengine wameoza kabla hawajakauka, maana walikuwa wa kulishia ngamia na kutilia mitende mbolea. Barafu ya kuhifadhia samaki hatukuijua mwaka mzima. Asiyeliwa siku ile alipasuliwa akatiwa chumvi, na matumbo yakabaki palepale mchangani. Nzi walikuwa wengi hata ukipiga miayo unaziba mdomo, wala si kwa adabu. Usiku nililala na kanga puani, asubuhi kanga yenyewe ilikuwa inanuka.

Chakula kilitoka upande wa pili. Bi Ghaniya, mwanamke mpole asiyejua Kiswahili, alipika wali mweupe bila tui, juu yake samaki, na mama yangu ambaye Unguja angeona aibu kumwekea mgeni wali usio na nazi alisema bismillahi akala. Samaki aligawa Ami Khalfan mwenyewe kwa vidole vyake. Minofu ilikwenda kwake, vichwa vilikuja kwetu, na kabla ya kutupa kichwa alikitoa jicho akalinyonya. Lakini hilo si lolote. Kilichonichefua zaidi ni kuwa tukimaliza alikuja kusimama mlangoni petu, anachokonoa meno, akauliza kwa Kiswahili chake alichokijua Unguja ujanani, "Mmeshiba?" Haondoki mpaka mama amjibu, "Tumeshiba, Ami, Mungu akuzidishie." Mama akimjibu kwa sauti ndogo, humwuliza tena. Kila siku Mungu aliyoileta tulishiba mbele yake, hata siku ambazo tumbo lilikuwa linanguruma.

Kaka Suud ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa kijana wa kuoa, mcheshi, mwenye mabega, na Unguja kila siku ya mapumziko alikuwa baharini na wenzake kwenye mashua. Bahari hakuiogopa na alikuwa na haki ya kutoiogopa. Siku moja tumekaa kizingitini, mlango umejaa kivuli cha Ami Khalfan anayeondoka, akaninong'oneza, "Zuwena, nnataka samaki mmoja tu. Mmoja wa kwetu, apikwe na mama kwenye chungu chetu. Siku hiyo mtu hatatusimamia mlangoni." Akamwomba Ami Khalfan chombo. Ami akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Chukua shasha ile kuukuu kule uani. Bahari ya Mungu, mwanangu."

Kwa asiyeijua, shasha ni chombo kisichokuwa na ubao hata mmoja. Ni fito za makuti ya mtende zilizofungwa pamoja kwa kamba, na tumboni mwake wamejaza vigutu vya makuti. Maji huingia na kutoka yapendavyo, na mvuvi hukaa juu yake nusu amelowa. Kinachoielesha ni ukavu wa makuti yale. Muda wote ikiwa baharini inakunywa, na ikishanywa sana inazama na aliye juu yake. Ndiyo maana watu wa Sib hawakuiacha majini hata kwa dakika za kuswali. Ikirudi huvutwa mchangani, huegemezwa ukutani jua liipige mpaka inyauke, na kabla ya kuingia nayo tena mtu huinyanyua upande mmoja kuipima uzito. Ikiwa nzito, haendi. Wanakwenda wawili wawili, shasha mbili zinaonana, na kila mmoja ana kamba. Mtoto wa pale alijua haya kabla hajajua kusoma. Sisi hatukujua hata moja.

Tulichojua sisi ni mbao. Mashua ikikaa juani mbao hujikunja, viungo huachana, ukiiingiza baharini hivyo inavuja kama chujio. Kwa hiyo huko kwetu chombo kilichokauka hukiingii kabla hujakishibisha. Unakizamisha kwenye maji haba, unaweka mawe juu, ubao unakunywa, unavimba, nafasi zinafungana, ndipo unakwenda zako kwa amani. Huo ndio usalama wetu, tumeurithi, na Unguja aliyeupuuza alichekwa. Sasa Kaka Suud akaivuta ile shasha uani, imekauka mpaka inalia ukiigusa, na mwanga unapita katikati ya fito. Akaguna kwa huruma. "Maskini, imekufa kwa kiu," akaniambia. "Watu gani hawa, hawajui kutunza chombo?" Akaiburura mpaka kwenye hori dogo la maji ya bahari kando ya ua wetu, akaitia majini, akapanga mawe juu yake, na mchana kutwa alikwenda na kurudi kuikanyaga kwa mguu ili inywe vizuri. Kila ilipodidimia alifurahi. "Inashiba," akasema.

Alasiri Ami Khalfan alikuja pwani. Mimi nilikuwa mlangoni nachagua mchele, nikamwona anakaa mchangani, mswaki mdomoni, magoti juu, anamtazama Suud. Suud alikuwa majini mpaka kiunoni. Alipaaza sauti akamwambia neno, upepo haukunipa neno lenyewe, na Ami Khalfan akainua mkono kama mtu anayerudisha salamu. Hakuondoka baada ya hapo. Alikaa mpaka jua likawa jekundu, anapiga mswaki polepole, na alipopita mbele yetu kwenda nyumbani uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha, nikadhani amepata habari njema.

Kesho yake wavuvi wengine waliondoka alfajiri, wakaelekea upande wa magharibi. Kaka Suud alichelewa kwa sababu shasha ilikuwa nzito hata tukasaidiana kuisukuma, mimi maji yananifika magotini, yeye anacheka. "Imeshiba kweli hii, kama Ami Khalfan baada ya kutugawia vichwa." Mama alimsomea dua, akampulizia. Alichukua mshipi, chambo, makasia mawili na kibuyu cha maji ya kunywa. Alikwenda peke yake, hana kamba, na sisi tuliobaki pwani hatukujua la kutazama. Mara ya kwanza nilipoinua macho alikuwa mbali, maji kiunoni, sikushtuka kwa kuwa wote hukaa hivyo kwenye shasha. Mara ya pili maji yalikuwa kifuani, na chombo sikukiona tena. Nilimwona Suud peke yake kama mtu aliyekaa kwenye kigoda katikati ya bahari. Halafu akavua kilemba akaanza kukipunga, na mkondo ulikuwa unampeleka nje. Nikapiga ukelele.

Mama alikimbia kichwa wazi, akateleza kwenye dagaa, akaanguka, akainuka na magamba mikononi. Ami Khalfan alikuwa kivulini kwake na mkewe, birika ya kahawa katikati. "Khalfan, mwanangu anazama! Khalfan, kwa haki ya Mtume, mwanangu!" Akaweka mkono juu ya nyusi akaitazama bahari. Akatazama kwa kituo. Kisha akanyoosha kikombe kwa mkewe. Kwa desturi ya huku, kikombe cha kahawa ukikinyoosha unatiliwa, na utaendelea kutiliwa mpaka ukitikise. Kukitikisa ndiko kusema basi. Bi Ghaniya akatia, kahawa ikamwagika mkekani. Akanywa. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika ncha ya nguo yake. Akanyoosha tena. Bi Ghaniya akamtazama usoni, akatia tena. Akanywa, akaramba mdomo, ndipo akakitikisa kile kikombe, akakiweka chini, akasema, "Haya, twende tukamtoe." Shasha yake mwenyewe ilikuwa tayari ukingoni mwa maji, kavu, makasia ndani, kamba imeviringwa vizuri. Wakati kama ule hakuna mtu wa Sib anayeingia baharini. Niliyaona yote hayo kwa macho, na sikuyaelewa.

Alivuta kasia kwa nguvu, sitamnyima lake. Alimfikia Suud amebaki kichwa na mkono mmoja ulioshikilia kasia, shasha imeshakwenda chini, akamtupia kamba, akamleta. Kaka yangu alitua mchangani midomo imebadilika rangi, viganja vimechanika, akatapika maji ya chumvi mpaka nikaogopa atatapika na roho. Wavuvi walikuwa wamekwisha kurudi, pwani imejaa, na kila mmoja alimpiga Khalfan begani: "Mungu aung'arishe uso wako, Khalfan!" Yeye amesimama katikati yao, nguo zinachuruzika, anavuta pumzi kama shujaa. Akanyoosha mkono. Suud akiwa bado amepiga magoti akaubusu. Mama akaubusu. Kisha mama akanisukuma, "Zuwena, mbusu ami yako mkono," nami nikaubusu mkono ule kwa moyo wangu wote, ninalia kwa shukrani. Hapo ndipo penye kinyaa chenyewe. Ningeubusu kwa kulazimishwa ningeshasahau. Niliubusu kweli.

Siku mbili baadaye, wakati wa joto la mchana ambapo kila mtu amelala, mama na mimi tulikuwa tumejinyoosha mkekani, Suud yuko msikitini. Upande wa pili wa ukuta Bi Ghaniya alikuwa anamsemesha mumewe kwa Kiarabu. Mama alikuwa anakijua tangu utoto, na mimi kilikuwa kimeshaanza kuniingia.

"Ulimwona anaitia maji?"

"Nilimwona. Mchana kutwa, na mawe juu," akasema Ami Khalfan.

"Na hukumkataza?"

Akacheka. Nakisikia kicheko hicho hata sasa, cha puani, cha mtu aliyeshiba. "Nilipofika kwao Unguja nilikuwa kijana kama yeye. Babu yao akaniwekea fenesi mbele yangu. Sijaona fenesi tangu nizaliwe. Nikatia mikono. Hakuna aliyeniambia nijipake mafuta kwanza. Utomvu ukanishika mpaka viwiko, ndevu zikanata, na nyumba nzima wananicheka, mpaka wanawake nyuma ya pazia. Miaka yote niliyokaa kwao jina langu lilikuwa Mmanga wa Fenesi. Basi na wao wamekuja kwangu. Kila mtu na fenesi lake."

"Fenesi haliui, Khalfan."

"Na mimi si nimemtoa? Sikumtoa? Na kesho atanibusu mkono tena."

Nilitoka nje mbio nikatapika wali wake wote kwenye mchanga wake. Nilikuwa natapika na kufikiri, na nilichokuwa nakifikiri ni kile kikombe, jinsi alivyokinyoosha mara ya pili. Utomvu wa fenesi unatoka kwa mafuta ya taa na kusugua. Kwa siku nyingi tulikuwa tunamwonea aibu mtu huyu kwa sababu anatulisha, na kumbe alikuwa ametungojea na hesabu ya kicheko cha watu waliokwisha kufa. Hata leo nikisikia mtu anasema "kisasi" kana kwamba ni jambo la kiume, namwona Khalfan na mswaki wake mchangani. Ni jambo dogo, chafu, linalonuka mdomo.

Nilipoingia ndani mama alikuwa macho. "Futa mdomo," akanambia. "Hukusikia kitu."

"Mama! Umesikia na weye!"

"Tunakula kwake, Zuwena. Tukitoka hapa leo tunakwenda wapi? Na kaka yako akijua? Ama atamwua, tumpoteze; ama atakasirika atarudi kule kule baharini, tumpoteze. Suud asijue. Niapie." Nikamwapia. Jioni sahani ilikuja, vichwa kama kawaida, na tulipomaliza kivuli kikaziba mlango. "Mmeshiba?" Mama akajibu. Yeye akanigeukia mimi, akangoja. "Nimeshiba, Ami," nikasema, "Mungu akuzidishie." Mama hakunitazama. Lakini tangu siku hiyo alianza jambo. Kila ilipofika familia nyingine kutoka Unguja, hata iwe imeshukia mbali, mama alitia miguu njiani siku ileile, na kabla hajawauliza hali wala kuwapa pole aliwaambia: "Shasha haishibishwi maji. Ikaushwe juani, ipimwe uzito, na asiende mtu peke yake." Wengine walimwona amechanganyikiwa na safari. Hakuwahi kuwaambia kwa nini.

Hivi karibuni, kabla ya msiba huu, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu watu wa nchi za baridi wanavua samaki juu ya ziwa lililoganda. Alinionyesha nicheke, nami nikamnyang'anya simu nikatazama mpaka mwisho. Mtu anapiga hatua, anatoboa barafu kuipima unene, anapiga tena, anapima tena. Ana kamba begani. Shingoni amevaa misumari miwili yenye mipini, barafu ikikatika aikite ajivute juu. Ameaga nyumbani anakwenda wapi na atarudi lini, na ana mwenzake, wameachana nafasi ili mmoja akizama mwengine abaki. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, hawa wazimu, si wangenunua sokoni?" Nikamwambia hawa wana akili kuliko watu wengi ninaowajua. Kuna mmoja alifika mahali barafu ni nyembamba. Akarudi nyuma taratibu, akachomeka mti mrefu wenye kitambaa chekundu, akaenda zake. Ule mti si wa kwake, yeye ameshajua. Ameuweka kwa atakayekuja nyuma yake, mtu asiyemjua jina wala dini. Machozi yalinitoka, mtoto wa watu akadhani macho yananiuma, akaniletea dawa.

Baada ya mwaka sabini, nchi ilipopata Sultani mpya, mambo yalibadilika, na watu wa kwetu waliojua kusoma wakatafutwa. Kaka Suud akapata kazi serikalini, tukakaa kwanza Ruwi kwenye nyumba ya kupanga, baadaye Azaiba. Ami Khalfan akawa hakosekani katika baraza la kaka yangu. Alihadithia uokozi wake mbele ya wageni, na kila mwaka bahari ilizidi ukubwa. Mwisho mwisho waliingia na papa. Kaka Suud alimsikiliza ameinamisha kichwa, na kila Idi alimbusu mkono. Watoto wa Khalfan walisomeshwa, wakaingizwa kazini, kwa kauli ya Suud. Mimi nilipeleka kahawa mlangoni nikarudi jikoni kunawa mikono. Kisha Suud akapata mtoto wake wa kwanza wa kiume, na akamwita Khalfan. Habari ilitufikia jikoni. Mama akanitazama, nami nikamtazama, tukapiga vigelegele. Mama amekufa na kiapo changu, na mimi kila siku ninalitamka jina lile, maana huyu mpwa wangu ndiye anayenipeleka hospitali, ndiye anayeninunulia viatu vya miguu iliyovimba, na hakuna mtu ninayempenda kuliko yeye.

Jioni ile azaa ilipomalizika mpwa wangu alitupakia garini, baba yake na mimi, akatuleta kwangu Azaiba, kisha akatoka tena kwenda kumchukulia baba yake dawa. Kaka Suud akakaa kwenye kiti, mkongojo katikati ya magoti, nikamwekea chai. Kisha akasema, "Mke wangu kanambia siku zote hukutia tonge mdomoni pale msibani. Watu wameona. Una nini na marehemu, Zuwena?"

Nikamtazama, ndevu nyeupe, kikombe mkononi. Mama hayupo. Khalfan hayupo. Namlinda nani sasa? Lakini niliogopa pia, kwa sababu kaka yangu amejenga maisha yake yote juu ya shukrani ile, na mimi ndiye nitakayeivunja, na mtu wa umri wake haanzi kujenga tena. Nikasema bismillahi moyoni.

"Alikuona," nikasema. "Unaishibisha shasha maji. Alikaa mchangani akakutazama mpaka jua linakuchwa, na alijua itazama. Nilimsikia kwa masikio yangu anamwambia Bi Ghaniya. Mama pia alisikia. Akaniapisha nisikwambie."

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini kwa taratibu.

"Mie nilimwuliza," akasema.

"Ulimwuliza nini?"

"Nilikuwa majini, yeye kakaa. Nikamwuliza, 'Ami, na huku pia mnaishibisha kwanza?' Akainua mkono. Akanambia, 'Ndiyo, mwanangu. Iache mpaka kesho.'"

Nikakaa kitandani. "Kwa hiyo ulijua?"

"Maji yaliponifika kifuani nilijua. Namwona pwani na birika yake. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, Zuwena, kuzama kwa shasha kunakawia."

"Na mkono ukambusu. Miaka yote hiyo, Suud! Kila Idi! Mie nachefuka jikoni, nadhani hujui!"

"Wewe na mama mlikuwa ndani ya nyumba yake. Ningewapeleka wapi? Nikasema mama na mdogo wangu wasijue, watashindwa kula." Akatikisa kichwa. "Na baadaye, kila akija barazani nikawa nataka niseme, nikimtazama nasikia kichefuchefu, nanyamaza. Kumbe sote."

Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, kwa mama, kwa sahani zile, kwa sisi wawili tuliokula uchafu uleule miaka yote kila mmoja pembeni yake ili mwenzake asiuonje. Kisha nikamwuliza lile lililonikaa kooni kuliko yote. "Basi mwanao? Mtoto wako mwenyewe, Suud, ukampa jina lile kwa nini?"

Akatazama mlango. Gari ilikuwa imesimama nje, tukasikia mpwa wangu anavua viatu, anaita hodi.

"Nilitaka kabla sijafa nimwone Khalfan mmoja mwema," akasema.

Mpwa wangu akaingia na mfuko wa dawa, akatuona tumelia, akasimama pale pale, mtu mzima mwenye mvi zake, hajui aulize nini. Akasema atakwenda kutuletea chakula. Kaka Suud akakipiga kwa kiganja kiti cha karibu yake.

"Kaa kitako, mwanangu," akamwambia. "Kuna jambo sisi tunalijua na weye hulijui."